Neno "Uhuru" Lilivyopanda Angani: Historia ya Mawimbi ya Mvutano

SOMO KWA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA

 Leo tunasema hasa na ninyi wa darasa la Ngulyati, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne: mvutano, wimbi, setilaiti, ushahidi. Hayo ndiyo maneno ya somo la leo. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili, kisha tuanze.

Somo letu ni la historia. Mmekwisha kusikia historia ya machifu, ya vita na ya misafara. Leo tutasikia historia ya kitu kisichoonekana kwa macho, na jinsi watu walivyokitafuta kwa muda wa miaka mia moja mpaka wakakipata.

Siku ya Jumatatu, tarehe 14 Septemba 2015, saa saba kasoro dakika kumi mchana, wimbi moja lilipita Ngulyati. Halikuwa wimbi la maji, wala la upepo. Lilipita katika nyumba na katika miti, likapita katika ng'ombe waliokuwa malishoni na katika mwili wa kila mtu aliyekuwapo. Hakuna aliyelihisi. Lilipita vilevile Mwanza, Dar es Salaam, London na kila mahali duniani. Lakini ni vyombo viwili tu vilivyolisikia, na vyote viwili vilikuwa nchini Marekani.

Wimbi hilo lilitoka wapi? Watu walijuaje kulitega? Na sisi wa Afrika ya Mashariki tunahusika vipi na habari hii? Haya ndiyo maswali yetu matatu.

1. MVUTANO NI NINI?

Jiwe ukilirusha juu, hurudi chini. Embe likikatika katika tawi, huanguka. Nguvu inayovuta vitu hivi chini tunaiita mvutano. Nguvu hiyohiyo huuzuia mwezi usitoroke, na huifanya dunia ilizunguke jua mwaka hata mwaka. Mwingereza Isaac Newton aliieleza hesabu yake katika kitabu alichokitoa mwaka 1687, na hesabu ile bado inatumika.

Lakini Newton hakueleza mvutano unafanyaje kazi. Jua lipo mbali sana nasi, wala hakuna kamba kati ya jua na dunia. Basi linatuvutaje?

Jibu lilitolewa na Albert Einstein, aliyezaliwa Ujerumani, mwaka 1915. Tazameni mfano huu. Chukueni ngozi ya ng'ombe, muiwambe vizuri pande zote. Wekeni jiwe zito katikati. Ngozi itabonyea. Sasa viringisheni kokwa ya embe kando ya jiwe. Kokwa haitakwenda moja kwa moja. Itapinda kulifuata lile bonde. Hakuna aliyeivuta kwa kamba. Ni njia yenyewe iliyopinda.

Einstein alisema kwamba nafasi, yaani mahali pote vitu vinapokaa na kupita, iko kama ngozi ile. Kitu kizito kama jua huipinda, na dunia yetu huufuata mpindo huo. Mfano wa ngozi haukutimia kwa kila jambo, maana mifano haitimii kamwe, lakini unatosha kutuongoza.

Mwaka uliofuata, 1916, Einstein aliongeza jambo la pili. Ikiwa vitu vizito vinapinda nafasi, basi vikizungukana kwa nguvu vitaitikisa. Mtikisiko huo utasambaa pande zote, kama viwimbi vinavyosambaa katika lambo ng'ombe anapotia mguu. Hayo ndiyo mawimbi ya mvutano.

2. USHAHIDI WA KWANZA, NA SHAKA

Mtu akisema jambo la ajabu, tunamwuliza: ushahidi uko wapi? Wataalamu nao walimwuliza Einstein vivyo hivyo.

Ushahidi wa kwanza ulipatikana tarehe 29 Mei 1919, siku jua lilipopatwa. Mwingereza Arthur Eddington alikwenda mpaka kisiwa cha Príncipe, pwani ya magharibi ya Afrika, na wenzake wengine wakaenda Sobral, nchini Brazil. Jua lilipofunikwa na mwezi, mchana uligeuka giza, na nyota zilizokuwa karibu na jua zikaonekana. Walizipiga picha. Walipozipima picha hizo waliona kwamba nuru ya nyota imepindwa kidogo ilipopita karibu na jua, kama Einstein alivyosema.

Basi habari ya mpindo ilikuwa na shahidi. Lakini habari ya mawimbi bado haikuwa naye. Einstein mwenyewe aliingiwa na shaka. Katika mwaka 1936 aliandika karatasi ya kusema kwamba huenda mawimbi hayo hayapo, kisha akairekebisha. Tena hesabu zilionyesha kwamba, hata kama yapo, ni dhaifu mno yafikapo kwetu. Wengi walikata tamaa ya kuyapima.

Mmarekani mmoja, Joseph Weber, hakukata tamaa. Katika miaka ya 1960 alitengeneza magogo makubwa ya aluminiamu, akayaning'iniza, akangoja yalie kama kengele wimbi likipita. Mwaka 1969 alitangaza kwamba ameyasikia. Wataalamu wa nchi nyingine wakatengeneza magogo kama yake. Wakangoja. Hawakusikia kitu.

Ndugu, tukae hapa kidogo. Weber hakukubaliwa, kwa sababu katika elimu hii shahidi mmoja hatoshi. Jambo likiwa kweli, mtu mwingine akilipima mahali pengine sharti alione vilevile. Hata hivyo taabu yake haikupotea. Ni yeye aliyewatia wengine moyo wa kulitafuta wimbi kwa chombo, wala si kwa karatasi peke yake.

3. CHOMBO KILICHOITWA UHURU

Sasa tunakuja nyumbani, Afrika ya Mashariki.

Kaskazini ya mji wa Malindi, pwani ya Kenya, kuna kijiji cha Ngomeni. Mbele yake, baharini, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma yenye miguu iliyokita chini ya maji. Jukwaa moja waliliita San Marco, na jingine Santa Rita. Mkuu wa kazi hiyo alikuwa Luigi Broglio wa Roma. Kutoka jukwaa la San Marco, roketi ya kwanza kubeba setilaiti iliruka tarehe 26 Aprili 1967. Mpaka mwaka 1988 setilaiti tisa zilikuwa zimerushwa kutoka hapo.

Kwa nini walikuja mpaka Kenya? Dunia yetu inazunguka kama pia. Mahali pa katikati, penye mstari wa Ikweta, ndipo penye mwendo mkubwa kuliko pote, karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki kutoka hapo huanza safari yake ikiwa imekwisha kusukumwa na dunia yenyewe, na haitumii mafuta mengi. Tena upande wa mashariki kuna bahari tupu, na roketi ikianguka haitawaangukia watu.

Tarehe 12 Desemba 1970, roketi iliondoka katika jukwaa la San Marco ikibeba setilaiti ya Wamarekani. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea miaka saba ya uhuru wake. Mkuu wa kazi ya setilaiti hiyo alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, naye alikuwa mwanamke wa kwanza kusimamia kazi ya setilaiti katika shirika la anga la Marekani, NASA. Kwa kuiheshimu siku ile, na kwa ukarimu wa wenyeji, setilaiti ilipewa jina la Kiswahili. Iliitwa Uhuru.

Kazi ya Uhuru ilikuwa nini? Ninyi mnaijua eksirei ya hospitali, ile inayopiga picha ya mfupa uliovunjika. Huko angani pia kuna vitu vinavyotoa eksirei, tena nyingi sana. Lakini hewa ya dunia huzizuia zisitufikie, na hiyo ni rehema kwetu, maana zingetudhuru. Mwenye kutaka kuziona hana budi kupanda juu ya hewa. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Ilifanya kazi mpaka Machi 1973, ikaorodhesha mahali 339 angani panapotoka eksirei. Mtaalamu aliyeongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, Mwitaliano aliyehamia Marekani, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Katika mahali hapo 339, pamoja palikuwa pa ajabu zaidi. Wataalamu hupaita Cygnus X-1. Palikuwa pamejulikana tangu mwaka 1964, lakini Uhuru iliona jambo jipya: eksirei zake zilikuwa zikiongezeka na kupungua upesi sana, mara nyingi katika sekunde moja.

Fikirini habari hii. Kijiji kikubwa kikiamriwa kwa sauti kizime taa zote, wa karibu watazima kwanza, na wa mbali watachelewa kwa sababu sauti itachelewa kuwafikia. Lakini nyumba moja huzima mara moja. Vivyo hivyo kitu kinachobadilika kwa sehemu ndogo ya sekunde hakiwezi kuwa kikubwa. Basi kile kitu cha Cygnus kilikuwa kidogo.

Wataalamu wa Uingereza na Kanada wakatazama mahali pale kwa darubini. Waliona nyota kubwa ikizunguka kitu kisichoonekana, mzunguko mmoja kwa siku tano na nusu hivi. Ni kama kumtazama mchezaji wa ngoma usiku, mwenye nguo nyeupe, anayezunguka akiwa ameshikwa mkono na mwenziwe aliyevaa nyeusi. Mmoja humwoni, lakini kwa jinsi wa kwanza anavyovutwa unajua kwamba wa pili yuko, tena ni mzito. Siku hizi tunajua kwamba kitu kile kina uzito wa majua 21 hivi, na upana wake haufiki kilomita 130.

Kitu chenye uzito mwingi hivyo katika nafasi ndogo hivyo huvuta kwa nguvu kubwa mno, hata nuru haiwezi kutoka ndani yake. Tunakiita shimo jeusi. Eksirei zilizoonekana hazikutoka ndani ya shimo. Zilitoka katika hewa ya ile nyota jirani, iliyokuwa ikinyonywa na kupata moto mkali kabla ya kutumbukia.

Mpaka wakati huo mashimo meusi yalikuwa maneno ya karatasini. Setilaiti yenye jina la Kiswahili, iliyoruka kutoka pwani ya Waswahili, ndiyo iliyofungua njia ya kulipata la kwanza.

4. DAU LA WATAALAMU WAWILI

Si wote waliokubali mara moja. Mwaka 1974 wataalamu wawili waliwekeana dau. Mwingereza Stephen Hawking alisema kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Mmarekani Kip Thorne alisema kwamba ni shimo jeusi. Ushahidi uliongezeka mwaka baada ya mwaka, na katika mwaka 1990 Hawking akakubali kwamba ameshindwa. Likumbukeni jina la Thorne, maana tutakutana naye tena.

Mwaka huohuo wa 1974 Wamarekani wawili, Russell Hulse na Joseph Taylor, waligundua nyota mbili ndogo nzito zinazozungukana. Nyota za namna hii huitwa nyota za nyutroni. Moja yake ina uzito unaozidi wa jua letu, lakini upana wake ni wa mji tu. Walizipima kwa miaka kadhaa, wakaona kwamba zinakaribiana kidogo kidogo. Zilikuwa zikipoteza nguvu. Nguvu hiyo ilikwenda wapi? Walipopiga hesabu, kiasi kilichopotea kililingana na kile ambacho Einstein angesema kimechukuliwa na mawimbi ya mvutano. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993.

Basi sasa alama ya mguu ilikuwa imeonekana. Mnyama mwenyewe bado.

5. MTEGO WA NURU

Wamarekani Rainer Weiss na Kip Thorne, pamoja na Ronald Drever wa Scotland, waliongoza fikira ya kutengeneza mtego mpya. Mtego huo unaitwa LIGO. Ulijengwa mahali pawili nchini Marekani: Hanford katika jimbo la Washington, na Livingston katika jimbo la Louisiana. Kati ya pahali hapo pawili ni kilomita 3,000 hivi.

Mtego unafanyaje kazi? Chukueni vijana wawili wenye mbio sawa kabisa. Wasimamisheni penye njia panda. Mmoja apige mbio kuelekea kaskazini kilomita nne, mwingine kuelekea mashariki kilomita nne, kisha warudi. Njia zikiwa sawa, watafika pamoja. Mmoja akichelewa hata kidogo, mtajua kwamba njia yake imerefuka.

Katika LIGO wakimbiaji ni miali miwili ya nuru ya leza. Kila mwali hupita katika bomba refu la kilomita nne lisilo na hewa, hupiga kioo na kurudi. Wimbi la mvutano likipita, upande mmoja hurefuka na mwingine hufupika, na miali hairudi sawa tena. Lakini kurefuka huko ni kudogo kupita fikira. Kila kitu kimefanywa kwa chembe ndogo ziitwazo atomu, na katikati ya atomu mna chembe ndogo zaidi ziitwazo protoni. Badiliko la urefu wa bomba ni dogo kuliko upana wa protoni moja, tena mamia ya mara.

Kitu kidogo hivyo chaweza kufichwa na mambo mengi: lori linalopita barabarani, upepo, hata mawimbi ya bahari ya mbali. Ndiyo maana walijenga mitego miwili. Lori la Livingston haliwezi kutikisa Hanford. Lakini wimbi kutoka angani litapita kote kuwili. Hapo tunamkumbuka Weber: mashahidi sharti wawe wawili.

Mitego ilianza kusikiliza mwaka 2002. Ilisikiliza mpaka mwaka 2010, isipate kitu. Watu wengine wangeifunga kazi. Hao waliifungua mitambo, wakatengeneza upya vioo na vining'inizo vyake, wakaanza tena.

Ndipo ikaja Jumatatu ile ya tarehe 14 Septemba 2015. Saa saba kasoro dakika kumi mchana kwa saa zetu, mtego wa Livingston ulitikisika kwa namna iliyotarajiwa. Baada ya sehemu saba za elfu za sekunde, mtego wa Hanford ukatikisika kwa namna ileile. Mtikisiko wote ulidumu sehemu mbili za kumi za sekunde. Wataalamu walikagua kwa miezi mitano, wasije wakatangaza uongo. Tarehe 11 Februari 2016 wakautangazia ulimwengu kwamba wimbi limepatikana.

Mwaka 2017 Weiss, Thorne na Barry Barish, aliyeusimamia ujenzi wa mitego, walipewa Tuzo ya Nobel. Drever alikuwa amefariki Machi mwaka huohuo. Na yule Thorne aliyeshinda dau la shimo jeusi la Uhuru, sasa alikuwa amesikia mashimo meusi yenyewe yakigongana.

6. MAWIMBI YAMETUAMBIA NINI?

Wimbi la mwaka 2015 lilituambia hivi. Mbali sana, palikuwa na mashimo meusi mawili, moja lenye uzito wa majua 36 hivi, jingine majua 29 hivi. Yalizungukana kwa upesi unaozidi kuongezeka, mpaka yakagongana na kuwa shimo moja la majua 62. Jumlisheni 36 na 29 ubaoni. Mtapata 65. Majua matatu yako wapi? Yaligeuka kuwa mawimbi. Kwa kitambo kile kifupi, nguvu iliyotoka ilizidi nuru ya nyota zote zinazoonekana ulimwenguni.

Yalitokea lini? Nuru husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Mwendo inaokwenda kwa mwaka mzima twauita mwaka wa nuru. Mashimo yale yalikuwa mbali nasi miaka ya nuru bilioni 1.3. Basi wimbi lilianza safari kabla hapajakuwa na mtu, wala mnyama, wala mti duniani, likafika wakati vyombo vilipokuwa tayari.

Habari ya pili ilikuja tarehe 17 Agosti 2017, saa tisa na dakika 41 alasiri kwa saa zetu. Safari hii zilizogongana zilikuwa nyota mbili za nyutroni, umbali wa miaka ya nuru milioni 130. Wakati huo nchini Italia nako kulikuwa na mtego, uitwao Virgo, karibu na mji wa Pisa. Kwa mitego mitatu wataalamu waliweza kujua upande wimbi lilikotoka, wakageuza darubini zao huko, wakaiona nuru ya mgongano. Nuru ile ilionyesha alama za vitu vizito vilivyozaliwa pale pale, vya ukoo wa dhahabu.

Ninyi mlio jirani na Geita na Bulyanhulu mnajua thamani ya dhahabu, na mnajua jasho la wachimbaji. Sasa jueni na nasaba yake. Jua letu haliwezi kutengeneza dhahabu. Wataalamu wanaamini kwamba sehemu ya dhahabu iliyomo ardhini ilizaliwa katika migongano kama ule, kabla dunia yetu haijaumbika. Chembe katika pete ya arusi ni kongwe kuliko mlima wowote.

Na jambo la tatu: siku ile mwako wa nuru ulifika sekunde mbili hivi baada ya wimbi. Vyote viwili vilikuwa vimesafiri miaka milioni 130. Ndivyo tulivyojua kwa hakika kwamba wimbi la mvutano na nuru huenda mwendo mmoja.

Tangu siku hizo mawimbi zaidi ya 200 yamesikika, na mtego wa Japani umeongezwa.

7. NANI ALIISOMA?

Ndugu wasikilizaji, sasa tuuchimbe moyo wa somo.

Mwaka 1970, mwaka ule ule Uhuru iliporuka, Rais Julius Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima katika Tanzania. Mwisho wa mwaka huo alizitaka wilaya sita, na Ukerewe ikiwamo, zifute ujinga wa kutojua kusoma mpaka mwisho wa 1971. Watu wazima wenye mvi walishika kalamu kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo katika Desemba moja, neno la Kiswahili lilikuwa likizunguka dunia juu ya hewa, na chini yake mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili hawakuweza kulisoma neno hilo limeandikwa.

Jina lilikuwa letu. Pwani ilikuwa yetu, na wenyeji walifanya kazi katika majukwaa yale. Lakini roketi ilikuwa ya Wamarekani, walioirusha ni Waitaliano, na habari ilizokusanya Uhuru zilisomwa na kufasiriwa Marekani. Hatusemi haya kwa uchungu. Elimu waliyoipata wameitoa kwa ulimwengu mzima, na leo tunaisikiliza hapa. Tunayasema ili tuone tofauti ya kupewa jina na kupewa kazi. Kuazima uwanja ni jambo moja, na kucheza ngoma ni jambo jingine.

Ilichukua miaka 48 mpaka Kenya ikawa na setilaiti yake ya kwanza. Ilikuwa kisanduku kidogo, sentimita 10 kila upande, kilichotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma na wa Wajapani. Kilitolewa angani Mei 2018. Aprili 2023 ikafuata ya pili na kubwa zaidi, iitwayo Taifa-1. Hiyo iliruka kutoka California, maana tangu mwaka 1988 jukwaa la San Marco halijarusha setilaiti. Safari imeanza, ijapokuwa imechelewa.

Wazee wetu walitazama Kilimia angani, wakajua wakati wa kulima. Hawakuwa na darubini, lakini walikuwa na desturi ya kutazama, kukumbuka na kufundisha watoto. Aliyepima wimbi la 2015 alifanya hayohayo, akaongeza mawili: hesabu na maandishi. Na hesabu na maandishi ndiyo mnayojifunza katika darasa hili. Usiseme, "Mimi ni mtu mzima, mambo ya nyota yananihusu nini?" Anayejua kusoma leo ndiye atakayemwuliza mwanawe jioni, "Nionyeshe daftari lako." Na mtoto anayeulizwa daftari hasahau shule.

Wimbi lilipita Ngulyati likaenda zake. Mengine yanakuja, hayachagui nchi. Yanapita kwa aliye na chombo na kwa asiye nacho. Ni juu yetu kwamba siku moja katika orodha ya mashahidi yawemo majina ya watoto wa Simiyu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini wataalamu hawakumkubali Weber, na kwa nini waliikubali LIGO? Toeni mfano wa jambo la kijijini ambalo mlilikubali baada ya kupata mashahidi wawili.

2. Kwa nini Waitaliano waliweka majukwaa yao pwani ya Kenya? Tajeni sababu mbili.

3. Mashimo meusi ya majua 36 na 29 yaligongana yakawa shimo la majua 62. Andikeni hesabu hiyo, mtoe jibu la kilichogeuka mawimbi.

4. Nchi ikitoa mahali pa kazi ya wageni, iombe nini pamoja na kodi ya mahali hapo? Jadilianeni, mwandishi wa darasa aandike majibu.

Kazi ya nyumbani: kila mwanafunzi aandike sentensi tatu juu ya kitu kimoja asichokiona kwa macho, lakini anajua kwamba kipo, na aeleze ushahidi wake.